Linki zimekufa, wasomaji wanaleta vitabu visivyokuwepo, bosi anataka rafu ya rejea itolewe: wakutubi mnafanyaje?

MkutubiMpya

Habari zenu wadau, naombeni mnivumilie maana ntaandika kirefu kidogo.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ndogo ya chuo, tuko wawili tu, mwenzangu anashughulika zaidi na kuazimisha kwahiyo mambo yote ya kompyuta yameniangukia mimi. Nilipoanza kazi nilikuta ukurasa wa linki ambao mkutubi aliyenitangulia aliujenga kwa miaka mingi, kila somo limepewa fungu lake, takwimu, afya, sheria, historia, na kila linki kaiandikia maelezo mafupi, nani kaitengeneza, inamfaa nani, mpaka mwezi alioikagua mara ya mwisho. Ukiusoma unajua kabisa huyu mtu aliipenda kazi yake.

Sasa wiki iliyopita msomaji mmoja akaniita akaniambia mkutubi hii linki yenu ya afya imenipeleka kwenye kamari. Nikaenda kuangalia, kweli. Niliona aibu, nikaamua nikae nibonyeze moja baada ya nyingine, zote 212, ilinichukua siku tatu. Zilizokufa kabisa ni 71. Nyingine 30 na kitu zinafunguka lakini unatua kwenye ukurasa wa mbele wa taasisi, ile ripoti yenyewe haipo. Yaani karibu nusu ya kazi ya yule mzee imeondoka na hakuna aliyejua.

Nikapeleka habari kwa bosi nikitegemea atanipa muda wa kurekebisha, yeye akaja na lake. Anasema rafu ya vitabu vya rejea haiguswi (hapo hakosei sana, kwa siku wanaisogelea watu wawili watatu), kwahiyo tuitoe yote, kamusi, atlasi, ensaiklopidia, vitabu vya takwimu vya kila mwaka, tuweke meza za watu kukaa na laptopu zao, kwa sababu kila kitu kipo kwenye intaneti. Nikamwambia bosi nimetoka kukuonyesha sasa hivi kwamba havipo, akajibu hizo ni linki mbovu, tafuta nzuri.

La tatu ndo linanichosha zaidi. Wanafunzi siku hizi wanakuja na orodha za vitabu walizopewa na AI. Juzi kaja mmoja na vitabu sita, jina la mwandishi lipo, mchapishaji yupo, mwaka upo, hadi namba za kurasa. Viwili nikavipata. Vinne nimetafuta kila mahali hakuna. Nikamwambia ndugu yangu hivi vinne havijawahi kuandikwa na mtu, akaniangalia kama anayeangalia mvivu, akasema labda katalogi yenu ndo haijakamilika, akaondoka. Niliumia kwa kweli.

Kwahiyo naomba msaada: linki nizifanyaje, bosi nimwambie nini kitakachomshika, na mwanafunzi mwingine akija na orodha ya namna ile nimuelezeje bila kumvunjia heshima?

KadiZaZamani

Hongera kwanza kwa kubonyeza zote 212, wengi wetu hatubonyezi kwa sababu tunajua tutakachokikuta.

Mimi nilianza kazi enzi za kadi za karatasi kwenye madroo, na ni mimi niliyeziingiza kadi zile kwenye kompyuta moja moja, kwahiyo nisieleweke kama mtu anayechukia mashine. Naipenda intaneti tangu siku ya kwanza nilipoiona. Ndo maana inaniuma watu wanapoiona kama ghala wakati haijawahi kuwa ghala. Hakuna aliyeajiriwa kuitunza.

Wewe hukuzembea na aliyekutangulia hakuzembea. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa utafiti mwaka 2024, walichukua kurasa zilizokuwepo kwenye wavuti mwaka 2013 wakazitafuta miaka 10 baadaye, asilimia 38 hazikupatikana. Hata za mwaka huohuo waliofanyia ukaguzi, 2023, asilimia 8 zilikuwa zimeshapotea. Na Wikipedia ya Kiingereza ambayo watu wanaiegemea kama ukuta, asilimia 54 ya makala zake zina angalau rejea moja iliyokufa. Wanasheria nao yamewakuta, watafiti wa Harvard walifuatilia linki zilizonukuliwa kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani wakakuta karibu nusu hazikufikishi kwenye kile alichokisoma jaji. Hukumu inabaki, ushahidi iliousimamia haupo! Ndipo maktaba za sheria zikiongozwa na Harvard zikaanzisha Perma.cc mwaka 2013, ukinukuu ukurasa unawapa anwani, wao wanahifadhi nakala yake na wewe unanukuu ile nakala.

Ukurasa unakufa kwa njia za kawaida kabisa. Jina la tovuti lina ada ya kila mwaka, aliyekuwa analipia kahama kazi, jina linaachwa, anakuja mwingine analinunua kwa sababu anajua maktaba na vyuo vina linki zinazoelekea huko na yeye anawataka hao wageni. Hiyo ndo kamari yako. Au taasisi imejenga tovuti mpya inayong'aa, anwani zote zimebadilika na hakuna aliyekumbuka kuzielekeza za zamani kwenye mpya. Au mradi umekwisha na hela ya seva ikaisha nao. Tim Berners-Lee mwenyewe aliyebuni wavuti aliandika mwaka 1998 akiwasihi watu wasibadilishe anwani ovyo, wachache sana walimsikia.

Sasa kazi. Kila linki iliyokufa, ichukue anwani yake ya zamani uiweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Hawa walianza kukusanya kurasa mwaka 1996, wakawafungulia watu wote mwaka 2001, na Oktoba 2025 walivuka kurasa trilioni moja, kwahiyo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa. Chagua tarehe ambayo ukurasa bado ulikuwa na kitu chenyewe, maana ukichukua nakala ya mwisho unaweza kuwa umehifadhi hiyohiyo kamari, halafu weka linki ya nakala hiyo na uandike wazi kwamba ni nakala ya mwezi na mwaka fulani. Zile ambazo bado ni hai zihifadhi leo, pale pale pana sehemu ya kuomba ukurasa uhifadhiwe, usingoje zife. Makala za kitaaluma usitumie anwani ya tovuti ya jarida, tumia DOI, yaani namba ya kudumu ya makala, kwa sababu DOI inabaki ile ile hata jarida likihamia kwa mchapishaji mwingine, ilimradi mchapishaji anasasisha ilikohamia. Na ripoti zile ambazo wanafunzi wako wanazirudia kila muhula, kama leseni inaruhusu, pakua PDF yenyewe uiingize kwenye katalogi yako kama kitabu kingine chochote, na mwandishi na mwaka na mada. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili lililotupwa tu kwenye foda linaitwa "ripoti mpya 2" limeshapotea hata kama lipo.

Ila nakusihi usimuegemee huyo mmoja peke yake. Oktoba 2024 Internet Archive walivamiwa, taarifa za akaunti kama milioni 31 zikaibwa na huduma ikafungwa siku kadhaa, wakutubi dunia nzima tukagundua tulivyokuwa tumeegemea nguzo moja. Kabla ya hapo, Juni 2020, wachapishaji wanne wakubwa waliwashtaki kwa jinsi walivyokuwa wanaazimisha vitabu walivyoviskani, wakashindwa mahakamani 2023, wakashindwa rufaa Septemba 2024, na vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa kwenye kuazimwa. Sisemi nani alikuwa na haki, wachapishaji na waandishi nao wana watoto wa kulisha. Nasema kitu kilichokuwepo jana kwenye skrini leo hakipo, na uamuzi haukuwa wako.

Hapo ndo pa kumshika bosi wako. Muulize: tukitoa hivi vitabu, tunabaki na nini ambacho ni chetu? Maktaba niliyofanyia kazi zamani ilitoa majarida ya karatasi ya miaka 15 kwa kuwa tulikuwa tumelipia hifadhidata yenye majarida hayohayo. Bajeti ikakatwa, malipo yakasimama, asubuhi moja tukafungua kompyuta tukakuta mlango umefungwa, na karatasi zilishaenda kusagwa. Nilisimama mbele ya rafu tupu na mwanafunzi wa uzamili pembeni yangu, sijasahau uso wake mpaka leo. Vitabu vya kielektroniki navyo mara nyingi hununui, unakodi. Wachapishaji HarperCollins mwaka 2011 waliweka sharti kwamba kikishaazimwa mara 26 leseni imekwisha, ukikitaka tena lipa tena. Kitabu cha karatasi kikiazimwa mara 26 unakipaka gundi mgongoni kinarudi rafuni.

Lakini hata rafu yako usiitetee yote, bosi ataona unatetea mazoea. Fanya hivi, chukua vitabu 20 bila kuchagua, kila kimoja ukitafute kwenye intaneti, toleo hilohilo, bure, kizima, mahali panapoaminika. Andika matokeo kwenye karatasi moja. Mpelekee hiyo karatasi, hotuba acha.

msomaji_wa_usiku

mimi si mkutubi ni msomaji tu ila naomba niseme kitu kwa niaba ya huyo mwanafunzi aliyekukasirikia, maana mimi mwaka jana nlikuwa yeye

nlikuwa naandika tasnifu nikaiuliza AI inipe vyanzo, ikanipa 11, nikavipenda sana kwa sababu vilikuwa vinasema kile hasa nlichokuwa nataka kusema, alafu nikaenda maktaba vikawa havipo nikaanza kumlaumu mkutubi. Yule mama hakuniambia umedanganywa. Alivuta kiti akasema njoo tutafute wote, tukaanza na katalogi yao, tukaenda WorldCat inayokusanya katalogi za maktaba maelfu kwa maelfu, tukaenda kwenye orodha ya mchapishaji mwenyewe mwaka ule, hakuna. Kisha akanifundisha kitu cha ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, ambacho sikukijua, zile tarakimu 13 unazidisha ya kwanza kwa 1 ya pili kwa 3 ya tatu kwa 1 ya nne kwa 3 hivohivo mpaka mwisho, jumla isipogawanyika kwa 10 namba hiyo ni ya uongo. Vitabu vyangu vitatu vilikuwa na ISBN na mbili zikafeli palepale mbele ya macho yangu, nikanywea. Akasema pia ikifaulu haimaanishi kitabu kipo, ila ikifeli ujue.

kilichonisaidia zaidi ni alivyonieleza kwamba ile AI ikijibu kutoka kichwani haikufungua katalogi yoyote, imepanga maneno yanayofanana na maneno ambayo huwa yanafuatana, kwahiyo mwandishi anakuwa wa kweli anayeandika mambo hayohayo kweli, ila kitabu hajakiandika. Akanionyesha habari ya Chicago Sun-Times, gazeti la miaka mingi, Mei 2025 walitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizo, 10 havipo duniani na vyote wamebandikwa waandishi wanaojulikana. Nikasema kama mhariri kapitiwa mimi ni nani

kwahiyo ndugu mkutubi hapo juu, kaa nae chini mtafute wote. Usimwambie, mwache aone

fundi_seva

Wakuu salama. Mimi natunza mifumo ya maktaba, si mkutubi wa darasani ila nimekaa nao mpaka naota namba za Dewey za kupangia vitabu. Nataka kuongeza upande ambao wasomaji hawauoni.

Mnaongelea AI inayowaletea wanafunzi vitabu hewa, sisi huku nyuma AI hiyohiyo inatubomolea katalogi. Mwaka jana katalogi yetu ilianza kuganda usiku, baadae mchana, wasomaji wanatafuta kitabu ukurasa unazunguka tu. Nikadhani diski imekufa. Kufungua kumbukumbu za seva nakuta maombi kutoka anwani maelfu, kila anwani inaomba kurasa mbili tatu inaondoka, zote zinajifanya ni kivinjari cha mtu wa kawaida. Ni roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia mashine. Na katalogi ya maktaba kwao ni shimo lisilo na mwisho, kwa sababu pembeni ya matokeo kuna vile vichujio, lugha, mwaka, mada, aina, na kila mchanganyiko wa vichujio una anwani yake, kwahiyo katalogi ya vitabu elfu 40 inazaa anwani mamilioni na roboti haichoki inabonyeza kila kitu. Mtu akibonyeza kichujio anatafuta kitu, roboti ikibonyeza inalazimisha hifadhidata ihesabu upya kila mara.

Kuna faili linaitwa robots.txt, utaratibu wa tangu 1994, unaandika humo sehemu ambazo roboti zisiingie. Ni ombi tu, linategemea ustaarabu wa anayekuja, na wengi wa hawa wapya hawana. Msidhani ni sisi wadogo tu tunaoumia, Wikimedia, wenye Wikipedia, walisema Aprili 2025 kwamba upakuaji wa picha na video zao ulipanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na katika yale maombi yanayowagharimu zaidi asilimia 65 yanatoka kwa roboti. Wao wana wahandisi, maktaba nyingi zina mimi.

Tulichofanya: ukurasa wa kitabu kimoja kimoja tumeuacha wazi kwa kila mtu, kwa sababu katalogi ikifungwa haina maana, ila kwenye vichujio tumeweka kikwazo kidogo, kivinjari kinapewa hesabu ya sekunde moja kabla ya kupita, mtu haoni hata kama kimetokea, roboti yenye maombi laki kadhaa inaona. Seva ikapumua siku hiyohiyo. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kuna msomaji mwenye simu ya zamani sana hiyo hesabu inamchelewesha, na yeye ndo mtu ambaye maktaba ipo kwa ajili yake. Bado natafuta njia nzuri zaidi kwa hao.

Halafu dada MkutubiMpya (au kaka, samahani), hukuuliza lakini ntakuuliza mimi: mkivamiwa kesho mna nini mkononi? British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, walivamiwa tarehe 28 Oktoba 2023, wavamizi wakadai fedha, maktaba ikakataa kulipa, data karibu GB 600 ikamwagwa mtandaoni. Katalogi yao ilirudi Januari 15, 2024, na ilirudi ya kutafutia tu. Baadae Machi wakatoa ripoti ya wazi kabisa na nawaheshimu sana kwa hilo, taasisi nyingi zingeficha. Wakasema mlango unaodhaniwa kutumika ni seva ya watu wa kuingia kutoka nje ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, na jambo lililonishtua mimi zaidi, nakala salama za makusanyo yao walikuwa nazo, tatizo mifumo mingine ilikuwa ya zamani kiasi kwamba hawakuwa na pa kuzirudishia. Bakapu ipo, nyumba ya kuirudisha haipo. Oktoba hiyohiyo ya 2023 maktaba za umma za Toronto, Kanada, nazo zilipigwa, vitabu vinarudishwa na wasomaji lakini hakuna mfumo wa kuvipokea, vikalundikwa kwenye matrela mpaka vikafika kama milioni moja.

Kwahiyo kila mwezi toa katalogi yako yote nje ya mfumo, kwa fomati ya MARC, ya kuandikia rekodi za katalogi. Ni fomati ya miaka ya 1960, Henriette Avram aliyeiongoza pale Library of Congress ya Marekani alikuwa mprogramu wala hakusomea ukutubi, watu wameitukana sana kwamba imezeeka lakini karibu kila mfumo wa maktaba unaisoma, na siku ya shida hicho ndo unachotaka. Weka nakala moja kwenye diski isiyochomekwa popote. Na mara moja kwa mwaka ijaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu bakapu ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo. Kama mnatumia mfumo wa kulipia soma mkataba uone mkitaka kuondoka mnaondoka na data yenu kwa namna gani. Mimi natumia Koha, mfumo wa maktaba wa bure, ilitengenezwa New Zealand kwa maktaba za Horowhenua ikaanza kazi Januari 2000, jina lake ni neno la Kimaori maana yake zawadi, na kweli ni zawadi, ila inataka mtu wa kuitunza, asikudanganye mtu kwamba bure maana yake haina gharama.

Na rekodi za nani kaazima nini, kitabu kikisharudi zifute. Kisichokuwepo hakiibiwi.

NuruYaMacho

Nimewasoma wote, namaanisha nimewasikiliza, natumia programu ya kusoma skrini kwa sababu sioni. Naomba mnisikilize na mimi.

KadiZaZamani naheshimu kila ulichosema, ila kila mtu akiisifia rafu ya karatasi mimi nakumbuka kwamba rafu ile ilinifungia nje miaka yote ya shule. Kamusi ilikuwepo, atlasi ilikuwepo, ila bila mtu wa kunisomea kwangu zilikuwa mbao tu. Maandishi ya kompyuta ndo yaliyonifanya nisome peke yangu, saa ninayotaka mimi, na kurudia sentensi mara tano bila kumchosha mtu. Kwahiyo mkimwendea bosi msiende na lugha ya karatasi dhidi ya intaneti, mtakuwa mmetusahau.

Na nyie mnaopakua PDF na kuskani, tafadhali, asilimia kubwa ya PDF zilizoskaniwa ninazopewa ni picha tupu, programu yangu inasema "ukurasa wa kwanza, picha, ukurasa wa pili, picha" mpaka mwisho. Mkiskani pitisheni OCR, programu inayosoma herufi kwenye picha, ili herufi ziwe herufi, na mkipata muda mkague makosa, hasa kwenye majedwali ya takwimu, maana hapo OCR inachanganya safu na mimi sitajua kwamba namba ni ya mstari mwingine. Ile hesabu ya kivinjari aliyosema fundi mimi hainisumbui, kinachoniua ni vile vya "chagua picha zenye baiskeli". Msiweke hivyo kwenye katalogi.

Upo Mkataba wa Marrakesh, ulipitishwa Juni 2013 ukaanza kutumika Septemba 30, 2016, unaziruhusu nchi zilizoridhia zitengeneze nakala zinazosomeka na watu kama mimi bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki na hata kupelekeana nakala hizo kuvuka mipaka. Wakutubi wengi niliowauliza hawakuujua. Uliza kama nchi yako imeridhia, ukikuta ndiyo basi ile rafu ya rejea bosi anayotaka kuitupa baadhi yake unaweza kuitengenezea nakala za namna hiyo kabla haijaenda popote.

KadiZaZamani

NuruYaMacho nimepokea, na umenirekebisha mahali nilipohitaji kurekebishwa. Nilipoingiza kadi zetu kwenye kompyuta nilidhani nimefungua mlango kwa wote, sikuwahi kumuuliza hata msomaji mmoja asiyeona kama kapita.

Kuhusu OCR ya majedwali ni kweli kabisa, tulikuta 1 imesomwa 7 kwenye jedwali la mvua na mwanafunzi alikuwa ameshalinukuu. Majedwali tunayakagua watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anafuata kwa kidole. Inachosha ila hatujapata njia nyingine.

MkutubiMpya

Wadau nimerudi, asanteni sana kwa kweli, nimesoma kila jibu mara mbili na la NuruYaMacho nimelisoma mara tatu.

Nimefanya lile jaribio la vitabu 20. Matokeo: 7 vipo bure vizima na toleo lilelile, 5 vipo kwa kulipia tu, 8 havipo kabisa. Kati ya hivyo 8 sita ni vitabu vya takwimu vya miaka ya nyuma, mtoaji ameweka mtandaoni miaka ya karibuni tu, ya zamani hakuna. Nimempelekea bosi karatasi moja kama mlivyosema. Akakaa kimya muda, akauliza hii ni kweli, nikamwambia tukae utafute mwenyewe, akatafuta vitatu akaishia hapo.

Hatukushinda vyote. Ensaiklopidia zinatoka na mimi naona ni sawa, zilikuwa seti tatu zinazofanana. Kamusi zinabaki mbili mbili. Takwimu na ramani zinabaki zote, na kanipa masaa manne kwa wiki ya kuskani zile zisizopatikana popote, kwanza tunaangalia hakimiliki, na OCR naanza nayo kurasa za kwanza wiki hii. Kuhusu Marrakesh sikuwa najua kabisa, nimeshaandika kuulizia.

Linki: zile 71 nimepata nakala za 52 Wayback Machine, nimeweka tarehe kwenye kila moja. Zilizobaki 19 sijazifuta, nimeziandikia tu kwamba chanzo hakipatikani tena na maelezo ya yule mzee yakabaki chini yake, kwa sababu kwa baadhi ya hizo yale maelezo mafupi ndo kitu pekee nilichokikuta kinachosema kulikuwa na nini. Nimempigia simu kumwambia. Alizikumbuka tano kwa majina na moja anasema ana nakala aliyoiprinti nyumbani, atanitafutia.

Mwanafunzi yule wa vitabu vinne hajarudi, ila kaja mwingine na orodha kama ile, nikavuta kiti, tumemaliza kwa nusu saa na kaondoka na vitabu vitatu vya kweli.

fundi_seva, tulikuwa hatuna katalogi nje ya mfumo hata moja, tangu maktaba ianze. Nimetoa jana, rekodi 9,318. Jumatatu najaribu kuirudisha kwenye kompyuta ya zamani iliyoko stoo, ukiwa na nafasi baina ya saa nne na saa sita nikikwama ntakuandikia.